Buti Zilizorudi

Lusu, Jumapili ya Matawi, 1951

Kwa nini anipe viatu, mtu ambaye hajawahi kunipa hata chumvi?

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, kaja mchana na buti mkononi. "Shemeji, kesho tunaanza hija ya kwenda kilima cha msalaba, na milima ile ni mawe matupu. Hizo katambuga zako za tairi zitakuumiza. Nimekununulia hizi Tabora mjini."

Nikashukuru. Alipoondoka nikazigeuza. Kisigino cha kushoto kina msumari uliopinda. Niliupigilia mwenyewe, mume wangu akanicheka sana. Ni buti zake, alizorudi nazo kutoka vita vya Burma, zikapotea siku ya mazishi yake.

Miaka mitatu nimemnunia yule mtani wetu aliyekuja msibani, nikidhani ndiye aliyezichukua, maana watani huchukua vitu msibani na huwezi kuwadai. Maskini, hata salamu yake siitikii.

Asubuhi Padri alisema mwenye cha mwenzake asipande kilima cha msalaba kabla hajakirudisha. Basi kurudisha karudisha, lakini kwa uongo. Anadhani sijui kiatu cha mume wangu?

Nimezijaribu. Zinapwaya, hata nikijaza matambara. Nitavaa katambuga zangu. Buti nitazifunga kamba nizibebe kichwani, kama wapagazi wa zamani walivyobeba mizigo.

Na sitamwambia neno. Nitatembea mbele yake tu, mpaka Ijumaa Kuu, kisigino cha kushoto kikimtazama.