Noti ya Saba ya Idi

Bugarama, 12 Januari 2000

Kwako dada yangu mkubwa, Yaya Mukakalisa,

Pokea salamu nyingi za mdogo wako. Mgongo unaendeleaje? Na huko Bukavu, siku hizi mnalala bila kusikia risasi? Sisi tu wazima, ni joto la Bugarama tu linalotuonea. Muderhwa wa vitenge kesho anavuka mpaka, ndiye atakayekuletea barua hii.

Tangu nihame Nkungu mwezi wa kumi, cherehani inanilisha vizuri. Lakini wiki iliyopita nililetewa kazi ambayo hata wewe uliyenifundisha ushonaji hujawahi kuiona. Mzee Hategekimana, jirani yangu Mwislamu anayelima mpunga, aliingia na kikombe cha maji ya mchele na noti saba zilizochakaa kama matambara, akaomba nizipige pasi. Nilicheka, Yaya! Na unavyonijua, sikuzipokea kabla ya kuuliza. Akaeleza kwamba siku ya Idi wajukuu hupewa noti mpya, ila safari hii mjini amezikosa. Ukizipaka maji ya mchele kidogo na kuzipiga pasi ya makaa, zinakakamaa. Akasema mwenyewe: "Feza ya Idi inapashwa kulia." Kwake mtoto huitikisa noti sikioni kwanza, aisikie, ndipo aseme asante.

Udadisi wangu haukuishia hapo. Wajukuu wake ni sita, kila siku wanacheza mlangoni pangu na mtoto wangu Gaju. Nikauliza ya saba ni ya nani. Akasema ni ya mtoto wa marehemu binti yake, aliyemponyoka mkononi pale Kamanyola, ng'ambo ya mpaka, mwaka wa tisini na sita, watu walipokuwa wanakimbia kambi za wakimbizi. Alikuwa na miaka mitatu. Kila Idi humwekea noti yake. Alipolitaja jina la mtoto, pasi ilinisimama mkononi na kona ya noti hiyo ikaungua. Niliomba msamaha, nikasingizia makaa.

Siku ya Idi, Gaju aliwafuata wenzake kwa Mzee. Nilikimbia kumrudisha, nikachelewa. Kwa kuwa ndiye mgeni, Mzee alimpa yeye wa kwanza, tena ile iliyoungua kona. Gaju akaiweka sikioni, akaitikisa. Hakuna aliyemwonyesha. Mzee alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilimshika mtoto mkono tukaondoka bila hata kuaga.

Yaya, nilikudanganya. Nilikwambia Gaju ni mtoto wa rafiki yangu Dusabe aliyefariki. Hakuna Dusabe. Nilimwokota Kamanyola, kando ya barabara, analia. Nilimuuliza jina, akalitaja vizuri kabisa. Kuhusu watu wake sikumuuliza mtu yeyote, mimi ninayeuliza kila kitu! Unajua nilivyozika watoto wangu wawili. Nikaona Mungu amenikumbuka, nikampa jina jipya, nikavuka mpaka naye.

Nampenda, na naiogopa nyumba isiyo na sauti yake. Lakini leo asubuhi ameniuliza kwa nini simrudishi kwa yule babu. Kesho nitampeleka kwa Mzee na nitasema yote, hata akiamua kubaki naye.

Nisalimie shemeji na watoto. Mtoto wangu naye anakusalimu. Ukimwandikia, mwite kwa jina lake, Zaituni.

Mdogo wako,
Épiphanie