Namba Uliyomwachia Baba

Kaka yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute mzima, wewe, wifi na watoto ambao bado sijawaona. Mimi mwili haunisumbui. Moyo ndio mgonjwa. Kaa kitako kwanza. Baba ametutoka Jumanne asubuhi. Tumemzika jana.

Najua tangu siku ile ya darasani hamkuelewana tena. Ulikuwa na miaka kumi na sita, naye ndiye mwalimu wako wa hesabu. Ukaandika ubaoni 1,018,081, ukamuuliza kama ni namba tasa. Akaigawa kwa mbili, kwa tatu, kwa tano, mpaka thelathini na moja, kila mara kunakuwa na baki. Kengele ikalia, akatangaza kuwa ni tasa. Ukasema si kweli, tena ukakataa kusema inagawanyika kwa ngapi. Darasa likacheka. Akakutandika mbele ya wenzako. Mwaka haukuisha, ukaondoka nyumbani.

Miaka miwili iliyopita, alipopooza mkono wa kulia, aliniomba daftari. Nikadhani anataka kuandika wosia. Kumbe namba yako! Akaanza upya kwa mkono wa kushoto, tarakimu zimepinda kama kuku amepita na matope. Nikimlisha, anasukuma kijiko nisije nikamvurugia hesabu. Akamaliza namba tasa zote mia moja na sitini na nane zilizo chini ya elfu moja. Hakuna hata moja iliyoigawa. Mwingine angeishia hapo. Yeye akajaribu inayofuata, 1,009. Jibu likatoka 1,009, bila baki.

Alicheka mpaka akalia. Akasema uliitunga namba hiyo kwa kuzidisha tasa moja kwa yenyewe, na kwamba katika ualimu wake wote hakupata mwanafunzi mwenye akili kama hiyo, naye akampiga. Kisha akaniambia, "Mwandikie kaka yako. Mwambie alikuwa sahihi, na mimi namwomba radhi."

Kaka, sikuandika.

Mimi niliyemgeuza kitandani na kumfulia mashuka sikuwahi kusikia hata asante. Wewe uliye mbali ndiwe aliyekulilia. Nikajiambia nitaandika wiki ijayo. Wiki zikawa miezi minne. Kila adhuhuri aliniuliza kama jibu limekuja, nami nikimwambia bado, labda posta wamechelewa. Mwezi uliopita akaacha kuuliza. Alisema tu, "Ana haki," akageukia ukutani.

Amekufa akiamini kwamba uliyasoma maneno yake ukayakataa. Anwani yako ninayo mimi peke yangu, basi sina wa kumsingizia.

Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunijibu, nijibu, ukinyamaza, nitaelewa.

Nisalimie wifi, nibusie watoto. Baba aliwahi kuniuliza kama wanapenda hesabu. Nilimjibu kwamba sijui, na hapo tu ndipo sikumdanganya.

Mdogo wako,
Kitindamimba