Baba Mkwe Aligusa Boya, Nikanyamaza

Mama Jenifa, shikamoo. Nimejifungia stoo ya mahindi ili niandike, kwa sababu nyumba hii wiki nzima imejaa furaha na mimi peke yangu ndiye nisiyeweza kuifurahia, na nakuomba unijibu kabla ya Ijumaa ijayo.

Kwetu ni Ushirombo, nimeolewa hapa Kahama mwaka wa nne sasa, naishi na wakwe zangu na sina la kuwalalamikia. Baba mkwe wangu, jina lake siwezi kuliandika na wewe utanielewa, alikuwa seremala, na alipoacha kazi nzito kaka Hemal mwenye duka la vifaa vya ujenzi akamwonyesha mashua ndogo ya matanga, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, haina injini kabisa, unasimama ukingoni na rimoti yako, kidole kimoja kinageuza usukani na kingine kinakaza tanga au kulilegeza, kazi iliyobaki ni ya upepo. Mama, mzee alichonga ya kwake kwa wiki tatu, na alipoishusha majini nilimwona mtu wa miaka sabini anaruka kama amepata mjukuu. Leo tuna chama chenye mashua kumi na nne, tunashindana mara moja kwa mwezi kwenye lambo nje ya mji, tunaanza saa tatu na kumaliza saa sita ng'ombe wanapokuja kunywa, na kanuni yetu ya kwanza inasema ng'ombe ana haki ya njia kuliko mashua yoyote.

Mimi ni katibu, kijitabu cha kanuni nilikinakili mimi, nimekuwekea nakala yake humu kwenye bahasha. Siku ya mashindano nasimama karibu na boya la tatu, ni dumu la njano lililofungiwa jiwe, na mashua ikiligusa napaza sauti namba iliyoandikwa kwenye tanga, "Nne, boya!", naye mwenye namba nne anajitenga na wenzake, anaizungusha mashua duara moja kamili, ndiyo adhabu yake, halafu anaendelea. Majina hatuiti. Hemal alisema tangu mwanzo kwamba majini kuwe na namba tu, asiwepo bosi wala mzee wala mwenye duka, na mimi nimeshamwita mume wangu, nimeshamwita Hemal mwenyewe mara mbili siku moja akazunguka huku anacheka.

Sasa mashindano ya mwezi huu yalikuwa ya kumpata wa kwenda Mwanza kushindana na vyama vingine, na chama chetu kimepewa nafasi moja tu. Mizunguko ilikuwa sita, wa kwanza anapata pointi moja, wa pili mbili, mwenye pointi chache ndiye bingwa. Mzunguko wa mwisho ulianza baba mkwe na dada Rebeka wakiwa sawasawa. Rebeka ni fundi cherehani, matanga ya mashua zote kumi na nne ameshona yeye, hata la mzee. Mzee, mwenye namba kumi na moja, akaja mbele kwenye boya langu, Rebeka nyuma yake karibu kabisa, na mashua ya mzee ikalipangusa lile dumu, nikaliona dumu likitikisika kwa macho yangu haya, nikafungua mdomo, na ukingoni mawifi zangu watatu walikuwa wameshaanza vigelegele, nikaufunga. Alimshinda Rebeka kwa urefu wa mashua moja. Angezunguka lile duara asingemshinda.

Akaja kwangu akanipa rimoti nimshikie, akasema, "Mayu," yaani mama kwa Kisukuma, ndivyo anavyoniita, "leo upepo umenipenda kweli," akanishika bega. Ni mtu mwema, Mama Jenifa. Mwezi wa sita aligusa boya la kwanza siku ambayo halikuwa na mwitaji, akazunguka mwenyewe bila kuambiwa na mtu, akatoka nafasi ya pili hadi ya tisa, na njiani kurudi alikuwa anapiga mluzi. Huyu ndiye nimpigie kelele mbele za watu? Mkwe hapigiwi kelele. Nyumbani namkumbusha vidonge vyake vya presha na ananisikiliza, lakini pale lamboni ilikuwa hadharani. Na sasa muda wa malalamiko umepita, matokeo yameshasomwa, yeye anaipiga msasa mashua yake kila jioni akiisemesha habari za Mwanza, anasafiri Ijumaa hiyo ijayo, na Rebeka amemshonea tanga jipya la safari. Ninyamaze tu nijiuzulu ukatibu, au nifanyeje?

Mektilda, Kahama. (Jina langu liache, huku watanijua hata ukilificha.)

MAMA JENIFA ANAJIBU

Marahaba, Mektilda. Toka stoo kwanza, mahindi hayana ushauri.

Kijitabu chenu nimekisoma chote, cha kurasa sita, na nakwambia ukweli, nimekipenda. Kuna mikutano ya watu wazima nimehudhuria Shinyanga ambayo haijapangwa vizuri hivyo. Anayevuka mstari kabla ya filimbi anarudi kuanza upya bila ubishi. Aliyekosea anajiadhibu mwenyewe mbele ya wenzake kisha anaendelea na mchezo wake. Hongereni sana, na mpelekee Hemal salamu zangu.

Wewe sasa. Uliwekwa pale boya la tatu kwa nini? Umenakili kanuni kwa mkono wako halafu hukuielewa! Mtu aliye ukingoni na rimoti, mashua yake iko mbali na tanga limeziba dumu, hawezi kuona kila mara kama amegusa. Ndiyo maana yupo mwitaji. Ile sauti yako ni jicho lake. Wewe mwenyewe umeniandikia kwamba mwezi wa sita aliona kosa lake akazunguka bila kuitwa, akaporomoka hadi wa tisa akipiga mluzi. Mtu wa namna hiyo angeliona na hili, angezunguka. Hakuliona. Alikutegemea wewe, na wewe ukamwacha aondoke na ushindi ambao asingeupokea kama angejua. Umempa mzee wa watu kitu kichafu akishike kwa mikono miwili akidhani ni kisafi. Nakukemea kwa hilo, na najua linakuuma, maana asiyeumwa haandiki barua ndefu hivi.

Na Rebeka je? Umemtaja kwa mistari michache, lakini nafasi ya Mwanza ni yake. Hivi sasa anamshonea tanga mtu anayekwenda mahali pake, na anashona vizuri, nina hakika.

Kujiuzulu sahau. Huko ni kutoroka, na chama kitabaki bila katibu anayejua kuandika.

Muda wa malalamiko umepita, hapo uko sahihi, kwa hiyo kamati haiwezi kubadilisha kitu. Ila fungua ukurasa wa tano, kanuni ya kumi na saba, mwandiko wako mwenyewe: mshindani akijua baadaye kwamba alikosea anaweza kujitoa siku yoyote. Anayeweza kulirekebisha hili ni mtu mmoja tu, na hajui kwamba kuna la kurekebisha. Usianze kwa Hemal, wala kwa mumeo, maana mumeo atakuzuia. Leo hii mwendee mama mkwe, mwambie una neno kwa baba na unaomba akae nanyi. Hiyo ndiyo njia ya kwenu na ni nzuri, itumie. Piga goti, amkia, kisha sema moja kwa moja: mzunguko wa mwisho, boya la tatu, mashua yako iligusa, niliona, sikuita. Usiongeze neno. Usimwambie afanye nini, hilo mwachie yeye. Kwa niliyoyasoma, nadhani ataomba kwanza apelekwe kwa Rebeka. Hata asipojitoa, wewe nenda kwa Rebeka kesho ukamwombe radhi, maana deni lako kwake halimngojei mtu mwingine aamue. Na mwezi ujao rudi boya lile lile, ukaite kila namba itakayogusa.

Jambo la mwisho, Mektilda. Baba mkwe atakuuliza kwa nini hukuita. Mtu ambaye unamkumbusha vidonge vyake kila siku naye anakusikiliza, usimwambie kwamba heshima ilikufunga mdomo. Mwambie uliwaogopa mawifi.