Jibii Nane za Haraka

Jumatatu, 4 Agosti
Laptop imeganda tena. Mara ya nne tangu asubuhi. Naburuta kipande cha bibi harusi akiingia, skrini inakuwa nyeupe. Kumbukumbu yake, RAM, ni ya jibii nne tu, na video ni ya kamera mbili! Mama Rukia anaitaka sherehe ya hina ya bintiye ifikapo Jumapili, kabla wageni wa Tanga hawajaondoka. Kazi kanipa mimi kwa sababu ni mwanamke. Mle ndani wanawake walivua mitandio, wakacheza watakavyo. Niliwaapia hakuna mwanamume atakayeona hata picha moja. Ni kwa kiapo hicho nakula hapa Singida.

Jumanne, 5 Agosti
Kwa fundi Athumani. Laptop ina sehemu moja tu ya kuchomeka RAM. Anazo mbili: jibii nane, mpya, ya spidi kubwa, na jibii kumi na sita, iliyotumika, ya spidi ndogo. Nilizigeuzageuza kama nachagua kitenge. Nikachukua ya haraka. Si nina haraka? Nilikaa kwenye benchi lake mpaka akamaliza, laptop sikuitoa machoni.

Alhamisi, 7 Agosti
Upuuzi mtupu. Inawaka upesi, basi. Nikiweka kamera zote mbili inaganda. Nimesoma mtandaoni mpaka nimeelewa: laptop yangu haiwezi kuifikia ile spidi, inaishusha hadi kiwango chake. Nimenunua mbio zisizokimbia, na nafasi haitoshi. Athumani alijua. Namchukia. Najichukia zaidi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nimeirudisha abadilishe. Foleni. Kijijini Ilongero wananisubiri kurekodi kicheni pati ya bibi harusi mwingine, bodaboda anapiga honi. Athumani akasema, "Dada, niandikie paswedi, nitaijaribu mwenyewe. Ukirudi unaikuta tayari." Nikaandika. Jana nilikusudia kuhamishia video kwenye diski ya nje. Sikuhamisha.
Jioni nimeikuta tayari. Kumi na sita. Kamera zote mbili, hakuna kukwama. Nimefurahi kama mjinga.

Jumapili, 10 Agosti
Mama Rukia kaja kabla sijanywa chai. Shikamoo yangu hakuiitikia. Kaka yake alipita kwa Athumani jana, akakuta wanaume watano wamezunguka skrini. Fundi alikuwa anajaribu RAM. Alihitaji video nzito, akafungua ya kwanza aliyoiona. Kaka mtu akamwona dada yake kichwa wazi, anakata kiuno.
"Nilikuchukua kama mwanangu," akasema.
Alinisimamia mpaka nikafuta kila kitu. Kadi za kamera kaondoka nazo.

Jumatano, 13 Agosti
Nimemtukana Athumani mbele ya wateja wake. Anasema haoni ubaya, mbona watu walikuwa na nguo. Kweli, yeye hakumwapia mtu. Niliapa mimi, na paswedi niliiandika kwa mkono wangu.
Wateja wawili wameghairi. Mmoja anadai sherehe imehamia Dodoma. Mwongo. Turubai limeshafungwa uani kwake.

Ijumaa, 22 Agosti
Laptop haigandi tena. Sina cha kuhariri.
Leo ilikuwa hina kwa Bi Salma, nyumba ya nne kutoka kwangu. Nilialikwa kama jirani. Mlangoni binti yake alikuwa na beseni, kila mgeni anaweka simu na kupita. Niliweka yangu. Akaniomba na mkoba. Waliotangulia hakuwaomba. Nikaufungua, akapekua taratibu, akanishukuru kwa adabu. Nikaingia, nikakaa nyuma.