Mama, Nekesa Anauliza Hesabu Zangu Zinasemaje

Mama yangu uliyelala Lunyo,

Unakumbuka ulivyonitangaza kanisani kuwa mwanao anasomea magendo? Tulikuwa nyuma ya nyumba tukichambua mukene, dagaa wako wa kuuza mpakani, ukaniuliza chuo kikuu nafanya nini hasa. Nikakueleza kwamba uvimbe wa saratani ukikua, ndani yake hushikwa na njaa. Basi hutoa kemikali ya kuita, na mishipa ya damu iliyo jirani huchipuza vijishipa vipya kuufuata na kuulisha. Mimi naandika milinganyo ya hesabu ya kukisia vijishipa hivyo vitapita wapi. Ukaacha samaki, ukanitazama.

"Kumbe ni panya!" ulisema. "Forodha nafunga geti, watu natafuta njia ya panya. Sasa wewe nasoma panya ya damu?"

Nikacheka, nikakubali. Lo! Jumapili ukaomba maombi kwa ajili ya binti yako anayesoma panya, na kina mama wakanishika kichwa wakimsihi Mungu aniepushe na polisi. Wewe uliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote, na hadi leo sijui kama ulikuwa unanitania.

Kisha saratani ikakuchukua wewe. Nilidhani imeshiba. Sasa imemwingia Nekesa, kitindamimba wako, palepale kwenye titi ilipoanzia kwako.

Madaktari wamempa dawa ya kuzima ule mwito wa uvimbe, mishipa isiufuate. Nami kila nikitoka kumuuguza na kurudi chumbani kwangu Tororo nawasha kompyuta, naiingiza dawa hiyo kwenye milinganyo. Vijishipa vinanyauka, uvimbe unasinyaa, nafurahi kama mjinga. Halafu vinachipuza vingine upande ambao sikuutazamia. Nikibadilisha namba moja tu, anapona. Nikiirudisha, anakufa. Na namba hiyo, Mama, kwa mwili wake yeye, hakuna aliyeipima. Nimeikisia tu.

Juzi aliniuliza, "Dada, hesabu yako nasema nini? Mimi napona?"

Nikamwambia hesabu zinasema anywe uji. Akacheka, akanywa kidogo, akatapika.

Maji yamenifika shingoni, Mama. Wakati mwingine nakukasirikia kwa kuwa hupo. Wewe ungejua umshike wapi anapoumwa, na umwimbie nini. Mimi najua mistari ya grafu inavyopinda, na hata hiyo sijui kama inamhusu. Nimeomba, nimelia, nimerudia hesabu, nimeomba tena.

Jana maumivu yalipomzidi aling'ang'ania gauni langu, macho kayafumba, akaita, "Mama? Mama iko?"

Ningefanya nini? Nikasema, "Niko, mwanangu." Akatulia, akapata usingizi.

Basi nakuaga kwa ombi hili moja. Akikuita tena, tafadhali usiitike, asije akakufuata. Niachie niitike mimi.

Ni mimi,
binti yako mkubwa