Kijarida chako nimekisomea kwa kinyozi

Wewe! Wewe na hicho kijarida chako cha kuponda vinyozi!

Tunakaa mtaa mmoja lakini lazima unitumie kwa posta, eti mimi ni msomaji aliyejiandikisha. Haya. Leo nimekitoa kwenye sanduku, nikapitia kunyolewa, nikakifungua pale pale kwenye kiti. Kinyozi akaniuliza nacheka nini.

Nikamsomea. KWA SAUTI. Duka zima linasikia.

"Kuna kinyozi akianza kusimulia mpira, anasahau upande wa kushoto." Watu hoi! Yeye mwenyewe kacheka mpaka kazima mashine.

Nikaendelea, mjinga mimi: "Utamjua kwa kioo chake chenye ufa, kauziba kwa picha ya jogoo."

Wote tukainua macho. Jogoo huyo hapo, anatutazama.

Jogoo, ndugu yangu! Si ungembadilisha hata akawa bata?

Kinyozi kashika wembe, anauliza taratibu, "Nani kaandika?" Nikasema hakuna jina. Akasema, "Mimi nina muda. Wewe una nusu ya nywele."

Nimekutaja. Jina, nyumba, mpaka rangi ya geti. Usinune, hata wewe ungenitaja kabla wembe haujafika sikioni.

Basi akachangamka, akamalizia kichwa changu huku anawasimulia watu atakavyokunyoa wewe. Bure, kasema. Nakuomba usije.

Sasa hivi nimejiona kwenye kioo cha gari la watu hapa nje.

Upande wa kushoto kausahau.