Mama na Ile Ishirini na Mbili

Doonside, Jumamosi jioni

Mkono bado umechoka. Leo klabuni mwalimu wa shabaha amenijaribisha bastola mbili ndogo, zote za risasi za kipimo cha ishirini na mbili. Moja ni nyepesi, lakini inachezacheza mkononi. Nyingine ni nzito, ila imetulia.

Nilikuwa nawaza nichague ipi, Mama akapiga simu kutoka Nakuru. Nikaropoka, "Naangalia ishirini na mbili, Mama."

"Miaka ishirini na mbili? Na wewe uko na arobaini! Huyo ni mtoto!"

Ningemweleza. Lakini tangu majambazi wenye bunduki wavamie duka letu huko Nakuru, Mama hataki hata kusikia neno bastola. Nikaguna tu, akadhani naona haya kumtaja mchumba.

"Wako wangapi?"

"Wawili. Mmoja mwepesi mwepesi. Mwingine mzito, lakini ametulia."

"Basi mchukue aliyetulia."

Kisha akamwombea, papo hapo kwenye simu, apewe afya na moyo wa subira. Nami nikaitikia amina.

Uongo huo unanisumbua. Nitamwambia ukweli nikienda nyumbani, uso kwa uso.

Ila nimeshaamua. Nachukua ile nzito. Imeshaombewa.